Baada ya Homa, Angalia Mguu: Mwongozo wa Korona na Kuganda kwa Damu

Maji yanapokupwa katika Ghuba ya Chwaka, kina mama wa mwani hushuka na kamba zao na kuinama kwa saa nyingi. Mmoja wao akirudi nyumbani na mguu mmoja umevimba, sababu iko tayari midomoni mwa kila mtu: kachoka, kasimama sana majini, kaukalia vibaya. Atatafutiwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na mtu wa kumchua. Mara nyingi sababu hiyo huwa ya kweli. Lakini kama wiki tatu nyuma mama huyo alilala na homa, kikohozi na maumivu ya mwili, mguu wake unahitaji kuulizwa swali jingine kabla ya mafuta kupakwa: je, ndani ya mshipa kuna damu iliyoganda?

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Chwaka, Marumbi, Uroa, Michamvi au mahali popote ambapo hospitali kubwa iko mwendo wa gari. Unaeleza kwanza kwa nini ugonjwa wa korona hufika kwenye mishipa ya damu, kisha la kufanya nyumbani, njiani na mbele ya daktari. Ikiwa sasa hivi una mgonjwa mbele yako, usisome kwa mpangilio. Anza na kisanduku hiki.

KISANDUKU CHA 1: ONDOKA SASA HIVI, USINGOJE ASUBUHI

☐ Pumzi imekata ghafla, au mgonjwa anahema akiwa amekaa tu.
☐ Kifua kinachoma kama kisu kila anapovuta pumzi ndefu, au anakohoa damu.
☐ Amezirai, au moyo unamwenda mbio bila sababu.
☐ Kifua kimebana kwa uzito, na maumivu yanakwenda begani, mkononi au tayani.
☐ Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa.
☐ Mguu au mkono umekuwa wa baridi ghafla, unauma sana na umepoteza rangi yake.
☐ Midomo au kucha zinaelekea buluu au kijivu.

Dalili moja kati ya hizi inatosha. Angalia saa ilipoanza na uiandike, maana daktari wa kiharusi atakuuliza hilo kabla ya jambo lolote. Dawa ya kuyeyusha bonge lililoziba mshipa wa ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ianze.

Kwa nini ugonjwa wa mapafu ushuke hadi mguuni

Kila mshipa wa damu, kuanzia ule mpana unaotoka moyoni hadi vile vijishipa ambavyo chembe za damu hupita moja moja, umetandikwa kwa ndani utando mwembamba wa seli. Utando huo una kazi. Hutoa nitriki oksaidi na kemikali nyingine zinazoulegeza mshipa na kuzizuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikane. Kwa sababu hiyo damu hutembea maisha yote bila kuganda, lakini ukijikata na kisu cha kuparia samaki huganda kwa dakika chache. Ubao wa ngalawa uliopakwa sifa vizuri hauuachii uchafu wa bahari nafasi ya kushika, ila ukikwaruzwa mahali, uchafu huanza papo hapo penye mkwaruzo. Mshipa nao ni vivyo hivyo.

Kirusi cha korona huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kinachoitwa ACE2. Mwili unapopambana nacho, kinga huwaka, na kwa baadhi ya watu huwaka kupita kiasi. Utando wa mishipa unaumia katika vita hivyo. Unaacha kutoa zile kemikali za ulinzi na badala yake unamwaga protini zinazozinasa chembe sahani. Seli nyeupe nazo hurusha nyavu zilizofumwa kwa vinasaba vyake zenyewe ili kunasa maadui, na nyavu hizo hunasa pia chembe za damu. Juu ya hapo zinajisuka nyuzi za faibrini, protini inayolifunga bonge. Bonge limepatikana.

Bonge likikaa ndani ya mshipa wa mguu, mguu huvimba. Likikatika na kusafiri, hupita upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Bonge linaloziba mshipa wa moyo huleta mshtuko wa moyo, na la kwenye ubongo huleta kiharusi.

Tangu karne ya 19, madaktari wanaofuata kazi ya Mjerumani Rudolf Virchow hutaja mambo matatu yanayoigandisha damu ndani ya mshipa: ukuta ulioumia, damu iliyochochewa, na mwendo wa polepole. Korona huyaleta yote kwa pamoja. Inaumiza ukuta, inachochea damu, na inamlaza mtu kitandani siku nyingi akiwa amepungukiwa maji. Kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo liko mikononi mwako moja kwa moja, na hatua nyingi utakazosoma hapa chini zinatokana nalo.

Haya yalijulikana mapema. Aprili 2020, madaktari wa Zurich, Uswisi, walichapisha katika jarida la The Lancet ushahidi wa kirusi na uvimbe katika utando wa mishipa ya wagonjwa wao. Mwezi uliofuata watafiti wengine walilinganisha mapafu ya watu saba waliokufa kwa korona na ya saba waliokufa kwa mafua makali. Mabonge madogo madogo katika vijishipa vya mapafu ya korona yalikuwa mara tisa zaidi. Katika hospitali tatu za Uholanzi, kati ya wagonjwa 184 waliokuwa chumba cha wagonjwa mahututi, karibu mmoja kati ya kila watatu alipata tatizo la kuganda kwa damu.

Hatari hukaa muda gani

Kosa kubwa la watu wengi liko hapa. Homa ikishuka na hamu ya chakula ikirudi, mtu hujihesabu amepona, na mishipa haijamaliza kupona.

Sweden ina daftari la afya la taifa zima. Watafiti walichukua zaidi ya watu milioni moja waliougua korona na kuwalinganisha na watu milioni nne ambao hawakuugua, kisha wakachapisha matokeo yao Aprili 2022. Hatari ya bonge la mguu ilibaki juu kwa miezi mitatu, ya bonge la mapafu kwa miezi sita, na ya kutokwa damu kwa miezi miwili. Katika siku 30 za mwanzo, bonge la mapafu liliwapata watu kama 17 katika kila 10,000 waliougua. Kwa wasiougua hakufika hata mtu mmoja katika 10,000. Bonge la mguu liliwapata kama wanne katika 10,000.

Soma tarakimu hizo kwa pande zote mbili. Kwa mtu mmoja mmoja hatari ni ndogo, na wengi sana watapona bila bonge lolote, kwa hiyo hakuna haja ya kuishi kwa hofu. Lakini ugonjwa unapopita katika kisiwa kizima, hao wachache wanatosha kujaza wodi. Isitoshe, hata waliougulia nyumbani bila kulazwa hatari yao ilipanda, ingawa ilipanda zaidi kwa waliolazwa.

Utafiti huo ulifanyika kabla watu wengi hawajachanjwa. Siku hizi wengi wana kinga ya chanjo au ya kuugua zamani, na ugonjwa kwa kawaida huwa mwepesi zaidi. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa imekwisha, kirusi chenyewe hakikuondoka. Nimonia na mafua makali nayo hupandisha hatari ya damu kuganda, kwa hiyo hatua za mwongozo huu zinakufaa hata kama hukupimwa na hujui uliugua nini.

Jambo la kwanza: andika tarehe

Tanzania ilisimamisha kutoa takwimu za korona mwishoni mwa Aprili 2020 na haikurudia hadi katikati ya 2021. Kwa muda wote huo watu waliugua na kuzikwa kwa jina la nimonia au changamoto ya upumuaji. Zanzibar neno korona lilisikika waziwazi pale Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, alipoambukizwa na chama chake cha ACT-Wazalendo kikalitangaza hadharani. Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 17 Februari 2021. Lakini maelfu ya wengine waliugua bila kupimwa, na mpaka leo vipimo si kitu cha kila kijiji.

Matokeo yake ni kwamba mtu hufika hospitali na mguu umevimba, akaulizwa kama aliwahi kuugua korona, akajibu hapana. Jibu hilo linamnyima daktari kidokezo. Wewe jibu kwa tarehe: "Nilikuwa na homa, kikohozi na kupoteza harufu kuanzia tarehe fulani." Iandike siku ile ile dalili zinapoanza, kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani au nyuma ya kadi ya kliniki. Kisha hesabu miezi sita mbele na uiandike nayo. Katika muda huo, pumzi inayokata au mguu unaovimba usiupe sababu nyepesi.

Hatua za nyumbani, mgonjwa akiwa bado na homa

1. Mnyweshe maji mara kwa mara. Maji ya kawaida, ya dafu, uji mwepesi au supu, vyote vinafaa. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hajanywa ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake. Ukiwa mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula, na hapa ruhusa hiyo ina maana ya kitabibu.

2. Mwinue atembee. Kila saa moja ya mchana, akiweza, atembee uani kwa dakika chache. Asiyeweza kusimama akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara 20 hivi, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu.

3. Endelea na dawa zake za kila siku. Mwaka 2020 zilienea habari kwamba dawa za presha kama enalaprili na losatani humfungulia kirusi mlango kwa sababu zinagusa mfumo wa ACE. Vyama vya madaktari wa moyo vilishauri zisiachwe, na majaribio yaliyofuata yakawaunga mkono. Presha iliyoachwa bila dawa ni njia fupi ya kufika kwenye kiharusi. Vivyo hivyo kwa sukari: ipime zaidi ya kawaida, maana maambukizi huipandisha.

4. Pima oksijeni kama una kile kibanio cha kidoleni. Mgonjwa apumzike dakika tano, mkono uwe na joto, akae kimya. Kikisoma 94 au chini, aonekane na mhudumu wa afya siku hiyo. Chini ya 90 ni dharura.

   Hina nyeusi, piko na rangi ya kucha huweza kukipotosha kibanio, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa kitu. Pia utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi vibanio hivi hukosa kuuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ukiona mtu anahema na kibanio kinasema 96, mwamini mtu.

5. Kagua miguu yote miwili kila jioni, namna inavyoelezwa hapa chini.

6. Panga usafiri kabla hujauhitaji. Daladala za Chwaka hazikai barabarani usiku kucha. Zungumza mapema na sheha na jirani mwenye gari, na uweke akiba ya mafuta na nauli. Kutoka Michamvi kwa mashua, fikiria maji yatakuwaje saa hiyo.

Namna ya kuukagua mguu

Unahitaji futi ya fundi cherehani, mwanga na mtu mwenye subira.

Mkalishe mgonjwa akiwa amenyoosha miguu. Mbele ya mguu, chini kidogo ya goti, gusa kile kifundo cha mfupa kilichotokeza. Pima sentimita 10 kutoka hapo kwenda chini, weka alama ya kalamu, kisha zungushia futi kwenye shavu la mguu bila kuikaza. Fanya hivyo mguu wa pili. Andika tarakimu zote mbili pamoja na tarehe. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni mojawapo ya alama ambazo madaktari wenyewe huzitumia wanapokisia bonge la mguu. Ukiiona, nenda siku hiyo hiyo.

Futi peke yake haitoshi. Shika miguu kwa kiganja: je, mmoja una joto kuliko mwenzake? Bonyeza taratibu shavu la mguu: je, linauma upande mmoja? Vitabu vingi husema mguu huwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Huenda ukaona weusi uliozidi, au ngozi iliyotanuka na kung'aa.

Katika visiwa hivi uvimbe wa mguu una sababu nyingine pia. Matende huja polepole kwa miezi na miaka, na ngozi hukakamaa. Moyo au figo zikishindwa, kwa kawaida huvimba miguu yote miwili. Bonge la damu huja kwa saa au siku chache, mara nyingi mguu mmoja. Ukishindwa kutofautisha, acha daktari atofautishe.

Na jambo moja la kushikilia hasa: mguu unaoshukiwa una bonge hauchuliwi. Usikandwe, usipigwe chuku. Bonge lililotulia likisukumwa linaweza kukatika na kwenda kwenye mapafu. Mama mzazi atakayemzuia mchuaji mlangoni kwa heshima, akamwambia "Subiri bi mkubwa, daktari auone kwanza," atakuwa amefanya tiba kubwa kuliko mafuta.

KISANDUKU CHA 2: NANI AWE MACHO ZAIDI

☐ Mwenye miaka zaidi ya 60.
☐ Mwenye presha, kisukari, unene uliozidi, saratani au ugonjwa wa moyo.
☐ Mwenye siko seli.
☐ Aliyewahi kuganda damu, au ndugu wa damu yake aliwahi.
☐ Mjamzito, na mzazi ndani ya arobaini.
☐ Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.
☐ Aliyelazwa hospitali au kupasuliwa karibuni.
☐ Mvuta sigara.

Mzazi ndani ya arobaini anahitaji neno la ziada. Mila zetu humtunza vizuri: supu, maji ya moto, kanga ya kujifunga tumbo, na watu wa kumfanyia kazi. Lakini wiki sita baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda kwa mwanamke, na muda huo unakaribia kulingana na siku arobaini za kulala ndani. Akipata korona humo, hatari mbili zimekutana. Mtunzeni, mpikieni, ila atembee chumbani na uani kila siku. Akihema au mguu ukimvimba, apelekwe, hata kama siku zake za ndani hazijatimia.

Makosa yanayowadhuru watu

*Kumeza aspirini kwa kujikinga.* Hili limeenea, kwa hiyo fahamu matokeo yake. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY liliwagawa wagonjwa wa korona karibu 15,000 waliolazwa. Nusu walipewa aspirini, nusu hawakupewa. Baada ya siku 28, kila upande ulikuwa umepoteza asilimia 17. Aspirini haikupunguza vifo, na waliotokwa damu vibaya walikuwa kama sita zaidi katika kila 1,000. Aliyeandikiwa aspirini na daktari wake wa moyo asiiache, ila asiyeandikiwa asiianze. Na mtu mwenye dalili za kiharusi asipewe aspirini nyumbani kamwe, maana huenda kiharusi chake ni cha mshipa uliopasuka, na aspirini itaongeza kuvuja.

*Kununua dawa za kuzuia kuganda bila cheti.* Hata hospitalini dawa hizi hupimwa kwa makini. Agosti 2021, matokeo ya majaribio ya kimataifa yalionyesha kwamba heparini ya dozi kamili iliwasaidia wagonjwa wa wodi za kawaida lakini haikuwasaidia waliokwisha kuwa mahututi. Ikiwa muda wa kuitoa ulihitaji maelfu ya wagonjwa kujulikana, hauwezi kukisiwa dukani.

*Kutegemea kujifukiza na majani.* Mvuke hauondoi bonge. Tangawizi na kitunguu thomu kwenye chakula havina neno, lakini vikombe vya juisi ya thomu, au mafuta ya karafuu ya kunywa, ni jambo jingine, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia kuganda.

*Kurudi kazini kwa kishindo.* Mvuvi aliyetoka kuugua akavuta nyavu siku nzima, kisha akahisi kifua kimebana, asijilazimishe kumaliza. Aanze kwa kutembea, aongeze kidogo kidogo kwa wiki, na akome pumzi inapokata.

Ukifika hospitali

Kituo cha afya cha karibu ndiyo hatua ya kwanza kwa mguu uliovimba bila dalili za Kisanduku cha 1. Kwa kisanduku kile, nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya au Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya rufaa ya Unguja. Hospitali za wilaya zilizojengwa kwa fedha za Uviko-19 (yaani korona), ikiwemo ya Mwera Pongwe kwa Wilaya ya Kati, zimepunguza safari ya kwenda mjini.

Sema kwa ufupi na kwa mpangilio. Mfano:

"Daktari, nilishikwa na homa na kikohozi tarehe 4 mwezi uliopita, nikalala siku nane. Tangu juzi mguu wa kushoto umevimba, umezidi wa kulia kwa sentimita 4. Leo nahema nikitembea. Natumia dawa ya presha, hii hapa. Naogopa damu isiwe imeganda."

Maneno hayo machache yana tarehe, dalili, kipimo, dawa na swali. Chukua pakiti za dawa zote mkononi, za hospitali na za miti shamba, usione haya.

Kwa mguu, kipimo kikuu ni ultrasaundi ya mishipa. Kwa mapafu ni CT skani yenye dawa inayodungwa mshipani. Kuna pia kipimo cha damu ambacho madaktari hukiita D-dimer, kinachotafuta vipande vya bonge linaloyeyuka. Mtu mwenye korona anaweza kuwa nacho juu bila kuwa na bonge, hivyo jibu lake halisomwi peke yake.

Ukipewa dawa ya kuzuia kuganda

Dawa hizi hulizuia bonge lisikue ili mwili wenyewe upate nafasi ya kuliyeyusha. Kwa kawaida huanza na sindano za heparini, kisha vidonge vya warfarini, rivaroksabani au apiksabani, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Fuata haya:

1. Meza saa ile ile kila siku. Ukisahau, usimeze mbili pamoja kabla ya kuuliza.
2. Anayetumia warfarini apime damu kwa tarehe alizopangiwa. Kipimo kinaitwa INR, na kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3.
3. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Huna haja ya kuviacha. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki.
4. Epuka diklofenaki na ibuprofeni. Maumivu yakikushika, uliza kuhusu paracetamol.
5. Hijama na kuumikwa vingoje mpaka dawa ziishe. Kila anayetaka kukudunga, kukung'oa jino au kukupasua, mwambie kwanza unatumia dawa gani.
6. Mwanamke anayeweza kushika mimba amwambie daktari mapema. Warfarini humdhuru mtoto tumboni, na zipo dawa mbadala.
7. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo wa damu, damu ya pua isiyokata, au kichwa kuuma sana baada ya kuanguka: hospitali siku hiyo hiyo.
8. Dawa ikikaribia kwisha, nenda ukaichukue kabla haijaisha. Usiiache kwa sababu mguu umenywea.

Na chanjo je?

Swali hili huulizwa kila mara, na linastahili jibu la wazi. Chanjo ya Johnson & Johnson, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alidungwa hadharani Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, ilihusishwa na tatizo adimu la damu kuganda huku chembe sahani zikishuka. Marekani, katika dozi zaidi ya milioni 18, yalithibitishwa matukio 60 hadi Machi 2022, na watu tisa walifariki. Dalili zilianza kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Aliyedungwa miaka iliyopita hana la kuhofia kutoka huko. Sinovac, iliyotumika Zanzibar, hutengenezwa kwa kirusi kilichouawa na haikuhusishwa na tatizo hilo. Weka matukio 60 katika milioni 18 kando ya 17 katika kila 10,000 za Sweden, nawe utaona upande upi wenye hatari zaidi.

Uchovu usiokwisha

Wapo ambao miezi inapita na nguvu hazirudi. Profesa Resia Pretorius wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ameeleza kuhusu mabonge madogo mno yanayokataa kuyeyuka katika damu ya watu hao. Wanasayansi bado wanabishana kama mabonge hayo ndiyo chanzo, na hakuna tiba iliyothibitishwa. Kliniki za Ulaya zimekuwa zikiuza huduma ya kuisafisha damu kwa mashine kwa pesa nyingi. Jamaa wa Maskati au London akikutumia tangazo la namna hiyo, usiuze shamba. Pima kwanza presha, sukari, wingi wa damu na moyo. Hayo yanapimika hapa hapa, na yana dawa.

Kabla ya safari ndefu

Safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya bonge la mguu, na ndege ya kwenda Maskati hupita saa tano. Aliyeugua ndani ya miezi mitatu na anayesafiri kwenda kwa watoto, kwa matibabu au kwa Umra, afanye hivi: aombe kiti cha pembeni ya njia, anywe maji, avae nguo zisizobana nyonga, ainuke atembee kila saa, na akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu. Kama yumo katika Kisanduku cha 2, aonane na daktari wiki mbili kabla, maana huenda akahitaji soksi maalumu za kubana miguu au sindano ya kinga. Akifika salama, aendelee kuipima miguu kwa futi wiki mbili nyingine. Bonge la safarini huweza kuchelewa kujionyesha.